Shangazi na Mafuta ya Nazi

Mimi ni mtu wa uhandisi. Jambo lisilopimika nalitilia shaka. Basi shangazi yangu alipokuwa akitibiwa saratani ya titi hapa London, nikasikia hospitali inampa na masaji, nilicheka kimoyomoyo. Eti kukandwa kunatibu saratani?

Nikamuuliza mkandaji: uvimbe utapungua milimita ngapi? Akasema, hata moja. Kazi yake ni kumpunguzia mgonjwa wasiwasi na maumivu, huku dawa zikifanya yao. Nikatafuta ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wa wagonjwa 288 hapa Uingereza, ulionyesha kuwa waliokandwa kwa mafuta ya manukato walipata nafuu ya wasiwasi na huzuni kuliko wenzao kwenye wiki ya 6; kufika wiki ya 10 tofauti ilikuwa imefifia. Mwingine wa Marekani, mwaka 2008, ulihusu wagonjwa 380. Huko hata waliowekewa mikono tu, bila kukandwa, maumivu yalipungua kidogo kwa muda ule.

Hapo nikanyamaza. Maana tangu shangazi aanze kunyonyoka nywele, sikuwa nimemgusa. Shikamoo naitoa mlangoni, matunda naweka mezani, nakaa kiti cha mbali. Na nyumbani Tanga walishaonya kwa simu asikandwe, saratani itatawanyika. Mkandaji akanieleza kuwa hakuna ushahidi kwamba kukanda kwa upole kunaisambaza, ila masharti yapo: daktari aulizwe kwanza, pasiguswe penye uvimbe, kidonda wala palipopigwa mionzi, na mguu uliovimba ghafla usikandwe, huenda damu imeganda ndani.

Jioni moja shangazi akanyoosha miguu. "Mwanangu, kwetu hata mzazi anakandwa siku arobaini. Mimi huku nani atanikanda?"

Nikamuuliza nesi, akaruhusu. Nikapasha mafuta ya nazi, nikaanza na nyayo, polepole. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Hazikupita dakika 10, akasinzia. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kumwona amelala bila kukunja uso.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukienda kumwona mgonjwa usiishie mlangoni. Nawa mikono, uliza wauguzi, kisha msogelee.