Komeo la Ndani

Lugha yetu imewaenzi wazee kwa methali nyingi. Tumeambiwa kwamba penye wazee haliharibiki neno, kwamba jungu kuu halikosi ukoko, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hata hivyo, katika hazina yote hiyo sijakutana na methali inayoitaja nyumba ambamo mzee hupelekwa kuishi na wazee wengine asiowajua, akitunzwa na watu asiowazaa. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Waliotunga methali walimwona mzee barazani kwake, amezungukwa na wanawe na wajukuu. Hawakumwona akiwa na namba ya kitanda.

Nyumba hizo tunazo. Wasomaji wa visiwani wanayajua majina ya Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Bara kuna Nunge kule Kigamboni, Njoro mjini Moshi, Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza, na katika mkoa wetu wa Ruvuma kuna Ngehe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele katika malezi ya mzee, na makazi haya yakawa kimbilio la mwisho la wale wasio na mtu. Nataka kuzungumza juu ya usalama wao. Lakini kabla sijafika kwenye makazi yenye vyumba vingi, niruhusu, msomaji, nianze na nyumba ya chumba kimoja.

Nilizaliwa katika mwambao wa Ziwa Nyasa, siku ambazo mwambao huo wote ulikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa, yenye makao makuu Mbamba Bay, ilikuja kumegwa mwaka 2012. Anayetoka Mbinga kwenda ziwani hushuka kutoka dunia moja hadi nyingine. Juu ni Umatengo, milima ya kahawa na mashamba ya ngolo, yale mashimo yaliyopangwa ubavuni mwa kilima mithili ya sega la nyuki. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huko huingia mifupani. Chini ni mihogo, usipa walioanikwa, na joto linalomfanya mtu alale mlango wazi. Vijana wa pande zote mbili wameondoka. Wako Songea, wako Dar es Salaam, na wengine, kama mimi, tumevuka bahari mpaka Unguja. Waliobaki kuzilinda nyumba ni wale ambao nyumba zilipaswa kuwalinda wao.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alipopindukia miaka themanini alianza kuamka usiku wa manane na kuteremka hadi majini. Akiulizwa, husema anaisubiri mitumbwi. Babu alikuwa mvuvi, naye alikuwa amekwisha kufa miaka mingi. Njia ya kuteremkia ina majabali yenye utelezi, na wakati wa pepo za kusini mawimbi ya Nyasa hupanda kama ya bahari. Mjomba, aliyeishi nyumba ya pili, akanunua kufuli. Kila jioni alimlisha mama yake, akamtandikia, akafunga mlango kwa nje, na ufunguo akaenda nao.

Mjomba hakuwa mtu mkatili. Tulipokusanyika kulizungumza jambo hilo alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mama, nakufungia usije ukazama." Bibi alikaa kimya kitambo, kisha akamjibu: "Mwanangu, anayefungiwa kwa nje ni mbuzi."

Neno hilo lilikuwa na mzigo mkubwa kuliko hasira ya usiku mmoja. Bibi alilelewa na watu waliosimuliwa na wazazi wao habari za karne ya 19, wakati watu wa mwambao walipojificha majabalini kwa kuwahofia Wangoni na misafara ya watumwa. Misafara hiyo ndiyo iliyowateremsha watu wa Nyasa hadi Kilwa Kivinje, na kutoka Kilwa wengi wao wakaletwa hapa Unguja. Kwa watu wa asili hiyo, kufungiwa na mtu mwingine si lugha ya ulinzi, hata anayefunga akiwa ni mwana na nia yake ikiwa njema.

Tukafanya hivi. Kufuli liliondolewa, na fundi akaweka komeo la mti kwa ndani, jepesi, ambalo mkono wa bibi uliweza kulisukuma. Binti mmoja wa mjomba akahamishia mkeka wake chumbani humo. Na mlangoni tukafunga kengele, ile ile wanayovishwa mbuzi, ili mlango ukifunguliwa binti aamke. Bibi alicheka alipoiona. Usiku alipotoka, kengele ililia, mjukuu akachukua taa, wakateremka wawili wakaketi juu ya jabali mpaka bibi aliporidhika kwamba mitumbwi haiji. Wakarudi kulala. Aliishi hivyo miaka mitatu, akafia kitandani.

Tangu wakati huo, kila ninapoingia katika makazi ya wazee, macho yangu hutafuta komeo.

Komeo la ndani lina kazi mbili. Kwanza, humzuia mwovu. Usukumani wazee wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni yakahesabiwa kuwa ushahidi. Mwanamke aliyeponea chupuchupu akapata hifadhi hawezi kulala katika chumba kisichofungika. Tusimwambie aache woga. Tumpe mlango imara. Kazi ya pili ni kumruhusu mzee kutoka, na hapa ndipo kufuli la nje linapogeuka kuwa hatari, kwa sababu moto haungoji ufunguo.

Moto katika nyumba za wazee wetu una njia zake tunazozijua. Kuna koroboi iliyowekwa karibu na chandarua. Kuna jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi ya Umatengo, madirisha yakafungwa, na hata pasipo mwali kuruka, mkaa ule hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomuua aliyelala bila kumwamsha. Dawa ya hayo si kumnyima mzee moto, kwa kuwa baridi nayo huua. Dawa ni blanketi la kutosha, jiko linaloachwa nje baada ya kuota, na taa isiyo na mwali.

Tusidhani kwamba balaa hili ni la maskini peke yao. Usiku wa tarehe 23 Januari 2014, katika mji mdogo wa L'Isle-Verte huko Quebec, Kanada, nyumba ya wazee iliteketea na watu 32 wakafa. Sehemu ya zamani ya jengo haikuwa na mabomba ya kunyunyiza maji ya kuzimia moto, na wakaazi wengi hawakuweza kutembea bila msaada. Nchi ile haikukosa fedha wala magari ya zimamoto. Kilichokosekana usiku ule ni mikono ya kutosha, kwa kuwa mzee asiyeweza kusimama huokolewa na aliye karibu naye tayari.

Yako pia mauti yasiyo na moshi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Nyonga ya mzee huvunjika njiani kwenda chooni, choo kikiwa mbali, sakafu ikiwa na maji, taa ikiwa imezimwa kwa kubana matumizi. Bomba la chuma lililopigiliwa ukutani, kimo cha kiuno, kutoka kitandani hadi chooni, halina gharama ya kutisha. Wala hakuna uchoyo mbaya kama ule wa kumpunguzia mzee taa ya usiku.

Nayakumbuka pia ya Ufaransa. Agosti 2003 lilipiga joto kali, na watu wapatao 15,000 wakafa, wengi wao wazee. Kuta hazikuanguka, wala wezi hawakuvunja milango. Ilikuwa likizo, na wengi walikufa peke yao majumbani, bila mtu wa kuwapelekea maji wala wa kugundua kwamba leo hawakufungua dirisha. Kijijini kwetu mzee asipoonekana ifikapo saa tatu asubuhi, jirani hubisha hodi. Desturi hiyo ingefaa iandikwe katika kanuni za kila makazi: wazee waitwe kwa majina asubuhi na jioni, na asiyeitikia afuatwe.

Na kuitwa kwa jina kuna maana nyingine. Mzee anayejulikana kwa jina hasahauliwi dawa yake ya shinikizo la damu, wala haogeshwi kwa pupa, wala hatukanwi pasipo mtu kulisikia. Kwani adui wa mzee si mara zote yu nje ya uzio. Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, na mwaka 2020 ikatunga sheria mahsusi ya mambo ya wazee. Hayo ni mema. Lakini sheria haiketi ukingoni mwa kitanda. Mkaazi anayelalamikia mlezi wake anahitaji mtu wa kumsikiliza ambaye si mlezi yule yule, na asubuhi ya pili asinyimwe uji.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mlezi mmoja mwenye wazee ishirini hawezi kuteremka ziwani na kila anayeota mitumbwi. Wapo waliopatwa na maradhi ya usahaulifu, ambao wakiachiwa watapotea porini. Kweli tupu. Lakini kufuli la nje ni jawabu la uchache wa walezi, si jawabu la maradhi. Tukiliita usalama, hatutaajiri mlezi wa pili kamwe. Uzio mpana wenye bustani ndani, kengele mlangoni, na mtu mmoja anayelipwa kukesha, vitamlinda msahaulifu pasipo kumgeuza mfungwa.

Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tunapeleka mchele, sabuni na vitenge, tunapiga picha, tunaondoka kabla ya magharibi. Mchele unaliwa, na wapeleka mchele wana thawabu yao. Nawaomba wasomaji wa kurasa hizi, hasa ninyi washairi mnaopenda kuwasifu wazee, safari ijayo muulize maswali mawili. Milango hii hufungwa kwa upande gani? Na saa tisa usiku, mzee akiita, nani huamka? Mkionyeshwa mlinzi wa getini, ulizeni tena.