Mwalimu wa Kirumba aliyeuliza watoto kabla ya kuwafundisha akili bandia

BUTEMBO – Mwalimu mmoja wa hesabu aliyekimbia Kirumba ana daftari ambalo halina hesabu hata moja. Limejaa maneno ya wanafunzi wake: wanadhani nini kuhusu akili bandia, wameyapata wapi mawazo hayo, na mawazo hayo yamewafanya watende nini. Jina lake linahifadhiwa kwa sababu za usalama, maana sehemu ya jamaa yake ingali kule.

Alitoka Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, siku zile waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga na kisha Kirumba. Alipita Kaseghe, Alimbongo na Lubero pamoja na umati wa watu, magodoro kichwani na watoto mgongoni, mpaka Butembo. Leo anafundisha zamu ya mchana katika shule moja ya sekondari ya mji huu. Watoto wa hapa na watoto waliohama wanabanana kwenye deski moja, na si rahisi tena kujua nani ni nani, isipokuwa siku ya kulipa karo.

Daftari lilianza kwa sababu ya msichana mmoja. Alikuja mbele baada ya somo, akaaga: wiki ijayo jamaa yao wanarudi Kirumba.

"Nani amewaambia kwamba njia ni salama?"

"Simu, Mwalimu."

Kaka yake alikuwa na programu ya akili bandia katika simu. Aliiuliza kwa Kifaransa kama kuna usalama Kirumba. Ikajibu kwa Kifaransa kizuri, bila kusitasita, kwamba Kirumba ni mji wa biashara katika teritwari ya Lubero, kwamba soko lake hupokea mahindi na maharagwe kutoka vijiji vya karibu, na kwamba wakaaji wanaendelea na kazi zao. Hakukuwa na neno hata moja juu ya waliohama. Mama yao alikuwa ameanza kufunga mizigo.

Jioni ile mwalimu alikwenda kuwaona. Hakubishana. Alimwomba tu kijana aiulize simu soko la Kirumba la jana lilikuwaje. Simu ikaeleza soko la jana: wauzaji, bei, watu wengi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyamaza. Asubuhi ileile dada yake aliyebaki kule alikuwa amempigia na kumwambia kwamba jana hakuna aliyetandika bidhaa. Alifungua mizigo usiku uleule.

Mwalimu hakulala vizuri. Kosa la mashine alilielewa. Programu za aina hiyo hulishwa maandishi mengi mno, kisha hujifunza kukisia ni neno gani linafuata neno gani. Maandishi yanayohusu Kirumba ni machache, na mengine yaliandikwa kabla ya vita kufika. Mashine haisemi uongo kwa kusudi. Inapanga maneno yanayofanana na ukweli. Lililomsumbua ni jingine: kwa nini watu wenye akili zao, waliovuka Alimbongo kwa miguu, waliiamini mashine kuliko dada yao?

Akaamua kufundisha jambo hili darasani, akaanza kutafuta msaada. Aligundua kwamba mwaka 2022 UNESCO ilichapisha uchunguzi kuhusu nchi ambazo serikali zao zilikuwa zimeidhinisha mitaala ya akili bandia kwa shule za msingi na sekondari. Zilikuwa nchi 11, kama China, India, Ureno na Qatar. Ya Afrika haikuwemo hata moja. Septemba 2024 shirika hilohilo lilitoa mwongozo wa ujuzi 12 ambao mwanafunzi anapaswa kuupata, na mwongozo mwingine wa ujuzi 15 kwa walimu. Aliisoma usiku kwenye simu, akihesabu mega zake.

Ni kazi nzuri, anasema, lakini inaeleza mtoto afike wapi. Haielezi mtoto wa Butembo anaanzia wapi. Na daktari hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Kwa hiyo hakufundisha kwanza. Aligawa vipande vya karatasi na kuandika maswali matatu ubaoni. Nani anajibu ndani ya simu? Anajuaje? Akikosea, nani anawajibika? Aliwakataza kuandika majina na vijiji vyao. Daftari lenye majina ya watoto na mahali walikotoka linaweza kuangukia mikono mibaya, na katika nchi yenye vita karatasi inaweza kumdhuru mtu.

Majibu yalimshangaza. Wapo walioandika kwamba ndani ya simu kuna mzungu anayejibu usiku na mchana. Mmoja aliandika kwamba ni roho, na mchungaji wao amekataza. Mtoto wa fundi wa simu aliandika kwa kifupi: inakisia. Lakini jibu lililorudi mara nyingi kuliko yote lilikuwa satelaiti. Mashine iko juu, inaona kila mtaa na kila barabara, kwa hiyo haiwezi kudanganywa kama binadamu.

Hapo mwalimu akaelewa yale mizigo iliyofungwa. Jamaa ile haikuwa ya wajinga. Ikiwa unaamini kwamba simu inaiona Kirumba kutoka angani, kuiamini kuliko dada aliyejifungia ndani ya nyumba ni jambo la busara. Kama angeanza na somo la maadili, "msiamini kila kitu", lisingegusa kitu. Ilibidi aanze na satelaiti.

Somo alilolitunga halihitaji umeme wala kompyuta. Alileta majani ya muhogo, sombe ambayo kila mtoto anaijua chunguni. Mvulana mmoja wa mjini, asiyewahi kulima, akawa mashine. Alionyeshwa majani kumi na kuambiwa: haya ni mazima, haya yana ugonjwa wa mozaiki, ule ambao wakulima wa Tanzania huuita batobato. Kisha akapewa majani mengine ayagawe mwenyewe. Alipofika kwenye jani dogo lakini zima kabisa, akaliweka upande wa magonjwa. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliuliza kwa nini, na mvulana akaeleza: majani yote ya ugonjwa aliyoonyeshwa yalikuwa madogo. Hakuna aliyemwonyesha jani dogo lenye afya.

Ndipo watoto wakaona. Mashine haioni shamba. Inajua tu majani iliyoonyeshwa.

Wiki iliyofuata aliuliza tena maswali yaleyale matatu, na hapa daftari lina ukurasa ambao mwalimu hakuupenda. Satelaiti ilipungua, lakini wengi walikuwa wameangukia upande wa pili: simu inadanganya sikuzote, itupwe. Somo lilikuwa limeondoa kosa moja na kupanda lingine. Aliuandika ukurasa huo kama ulivyo, kisha akabadilisha somo kwa darasa lililofuata. Mara hii aliongeza habari ya Nuru, programu iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya kilimo ya IITA. Nuru hutazama jani la muhogo kwa kamera ya simu, hutambua ugonjwa bila intaneti na husema Kiswahili. Inaweza hivyo kwa sababu watafiti walikwenda mashambani Tanzania wakapiga picha za majani mengi, na wataalamu wakayapanga kwa ugonjwa wake. Mashine ileile ya kukisia, ikiwa imelishwa vizuri na kwa kazi moja, inamsaidia mkulima. Katika darasa la pili wanafunzi wengi zaidi waliandika jibu ambalo mwalimu alilitafuta: inategemea imefundishwa nini, na nani.

Hayo ndiyo anayoyaita msingi. Darasa mbili hazitoshi, na anajua. Anataka walimu wa Lubero, Musienene na Beni waulize maswali yaleyale matatu, kabla na baada, ili majibu yalinganishwe. Huenda mtoto wa Beni, ambako hofu ni ya ADF, anaiogopa au kuiamini simu kwa namna nyingine. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989. Beni kuna UCBC, ambayo inafundisha elimu ya kompyuta. Wanafunzi wao wanaweza kusaidia kuhesabu na kupanga majibu. Bei yake ni karatasi, kalamu na uvumilivu. Na maswali yatafsiriwe kwa Kinande, kwa maana watoto wengi hufikiri kwa lugha hiyo hata wanapojibu kwa Kifaransa.

Mpaka sasa hakuna aliyempa faranga moja kwa kazi hiyo. Daftari la pili alilinunua mwenyewe.

Msichana yule bado anakuja zamu ya mchana. Mama yake ana kanuni yake siku hizi, na majirani waliohama kutoka Kayna na Kirumba wameichukua. Kabla ya kufunga mzigo, piga simu kwa watu watatu walio kule, wasiokaa nyumba moja. Waulize wameona nini leo kwa macho yao. Wakitofautiana, ngoja.

Mwalimu aliiandika kanuni hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la kwanza. Anasema ndiyo somo bora la akili bandia alilolipata tangu aanze, na lilitoka kwa mama asiyemiliki hata simu ya intaneti.