Sigaa moja ya jioni chini ya Menengai

Ukipanda matatu ya alfajiri jijini Nairobi, saa nne ya asubuhi inakukuta umeshafika Nakuru na unatafuta mahali pa kunywa chai. Barabara inapita Limuru kwenye ukungu, inateremka Bonde la Ufa hadi Naivasha, inashika Gilgil, kisha Ziwa Elmenteita linajitokeza upande wa kushoto likimetameta kama bati jipya. Baada ya Lanet unaanza kuona mapaa ya mji, na nyuma yake Menengai umelala kama ng'ombe aliyeshiba.

Safari yangu ya Oktoba iliyopita ilikuwa ya kumwona baba mkubwa, ndugu wa marehemu baba. Mkobani nilikuwa na kilo mbili za sukari, majani chai, mkate na kopo bapa la bati ambalo hunifanya nikaribishwe kuliko sukari yote. Ndani ya kopo hilo huwa na sigaa fupi kumi kutoka Uholanzi.

Msomaji ambaye hajaiona sigaa aelewe kwamba siizungumzii sigara ya kawaida. Sigaa ni ile nene ya kahawia, iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, pasipo karatasi. Zipo kubwa kama muhogo, zile tunazoziona sinemani midomoni mwa matajiri. Za baba mkubwa ni fupi, hazizidi kidole cha shahada, na ni pole. Huvuta moja kwa siku, saa kumi na mbili jioni, na amefanya hivyo kwa miaka mingi kuliko umri wangu.

Siku tatu kabla ya safari, mama mkubwa alinipigia simu.

"Ukija lete sukari, mwanangu," alisema. "Moshi tunao wa kutosha."

Nilielewa. Baba mkubwa alikuwa amekohoa tangu Julai, na daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba tumbaku iishe. Basi usiku ule nikafungua kopo, nikatoa sigaa nane, nikaziweka kwenye droo. Nikabakisha mbili. Hadi leo sijui kama huo ulikuwa utiifu au woga.

Kila mji una harufu yake. Nakuru, jina linalotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, hunukia vumbi lenyewe hasa Januari upepo unapovuma. Zamani pia ulinukia pareto. Maua hayo meupe yaliletwa na wakulima kutoka Molo na milima ya Mau hadi kiwanda cha Bodi ya Pareto hapa mjini, yakasagwa kwa ajili ya dawa ya kuua wadudu, na kuna miaka Kenya ilitoa sehemu kubwa ya pareto yote iliyouzwa duniani. Zao hilo lilianguka, wakulima wakang'oa, na harufu ikaenda nayo. Upepo ukitoka kusini unaleta magadi ya ziwa, ambalo maji yake yamepanda kwa zaidi ya miaka kumi sasa na kumeza miti na majengo ya mbugani.

Mji wenyewe ni mtoto wa reli. Njia ya chuma ilifika hapa mwaka wa 1900 na ndipo maduka yakachipuka. Baadaye Nakuru ikawa njia panda, reli moja ikielekea Kisumu kupitia Njoro na Molo, nyingine ikipanda Timboroa kwenda Eldoret na Uganda. Mwaka wa 1907 alipita juu ya reli hiyo kijana mmoja wa serikali ya Uingereza, Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni. Alipenda kuketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ili aone nchi na wanyama, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kuhusu safari yake. Dunia baadaye ilimjua kwa sigaa yake ndefu kuliko kwa benchi lile. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikatawazwa kuwa jiji, la nne nchini.

Baba mkubwa alizaliwa 1941. Akiwa na miaka kumi na minne alikuwa mtoto wa jikoni katika shamba la mzungu upande wa Njoro, nchi ile ambayo Lord Delamere alikuwa amejaribia ngano na kondoo nusu karne kabla. Kazi yake ilikuwa kuosha sufuria, kuwasha kuni na, baada ya chakula cha usiku, kupeleka sanduku la sigaa kwenye baraza. Alifundishwa kulifungua bila kelele na kusimama kando na kibiriti. Hakuruhusiwa kuketi.

"Yule bwana alikuwa mkali kutwa nzima," aliniambia siku moja. "Lakini akiwasha ile kitu, kwa nusu saa alikuwa binadamu. Aliweza hata kuniuliza mama yangu anaendeleaje."

Nimeyatafakari sana maneno hayo. Kijana mweusi amesimama gizani na kibiriti mkononi, na yale mazungumzo pekee ya kiutu anayopata yanadumu muda wa jani kuungua. Si ajabu kwamba alipoajiriwa na shirika la reli mwaka wa 1961, akipanga mabehewa hapa stesheni, jambo la kwanza alilolitaka kwa mshahara wake lilikuwa kuketi barazani mwake mwenyewe na kuvuta. Sigaa hakuimudu. Alivuta kiraiku, tumbaku ya sokoni iliyosokotwa ndani ya kipande cha gazeti, kali ya kutoa machozi. Sigaa zilikuja baadaye, moja moja siku ya mshahara, na baada ya kustaafu 1996 na kujenga nyumba Kiamunyi, watoto wa ukoo tukawa ndio tunaomletea.

Wazee wa bonde hili walikuwa na tumbaku yao kabla ya reli na kabla ya mzungu. Mmea wenyewe asili yake ni Amerika, lakini uliingia Afrika zamani, enzi za Wareno. Wamaasai na Wakalenjin waliunusa na kuutafuna, mara nyingi ukichanganywa na magadi, na mzee alibeba ugoro wake kwenye pembe ndogo au kikopo chenye mnyororo. Mpaka leo ukizunguka masoko ya Nakuru utampata mama aliyetandaza ugoro kwenye karatasi, akikupimia kwa kifuniko cha soda.

Basi ni kitu gani kinachofanya sigaa moja iwe pole na nyingine ikulevye? Kwanza ni mahali jani lilipoota kwenye mche. Majani ya chini, ambayo hayapati jua sana, ni mepesi. Ya juu kabisa ndiyo makali. Pili ni subira. Majani ya sigaa huanikwa bandani kwenye hewa, kisha hurundikwa yakaumuka kwa joto lake yenyewe hadi ukali upungue. Ni tofauti na tumbaku ya sigara inayolimwa Migori na Kuria, ambayo hukaushwa haraka kwenye matanuri ya kuni, na miti mingi imeishia humo. Miaka ya hivi karibuni baadhi ya wakulima wa Migori wamesaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuacha tumbaku na kupanda maharagwe. Waholanzi nao walizoea majani mepesi ya Sumatra na Java, visiwa walivyovitawala, na ndiyo maana sigaa zao fupi ni pole na kavu.

Upole huo, hata hivyo, usimdanganye mtu. Moshi wa sigaa haumezwi hadi mapafuni. Unashikwa mdomoni, unaonjwa, unaachwa uende. Lakini nikotini yake hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, na saratani ya mdomo, koo na umio haiulizi kama mvutaji alimeza au hakumeza. Tumbaku ya aina zote huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka. Mwenzangu mmoja kazini aliwahi kuniambia kwamba moja kwa siku si kitu. Ningependa aje akae na mama mkubwa usiku mmoja, asikilize kile kikohozi kupitia ukuta.

Sheria nayo imembana mzee. Tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, huwezi kuwasha hadharani popote utakapo. Ni lazima utafute mahali palipotengwa. Zamani baba mkubwa alivutia kwenye benchi nje ya stesheni pamoja na wastaafu wenzake, wakitambua mabehewa kwa mlio. Benchi lile likafa kwa sheria na kwa vifo, kwani wenzake wanne wameshazikwa. Hata nyumbani amehamishwa. Mjukuu alipozaliwa aliondoka barazani kwa hiari yake, akapeleka kiti chini ya mjakaranda mwishoni mwa kiwanja.

Ndipo nilipomkuta jioni ile. Maua ya zambarau yalikuwa yamemwagika chini na mengine yamemkalia kofiani. Amekonda. Mbele yetu mteremko wa Menengai ulikuwa unageuka rangi, na nyuma ya ukingo, ndani ya shimo lenye upana wa kilomita kumi na zaidi, kuna visima vya mvuke vinavyozalisha umeme.

"Huu mlima unavuta usiku na mchana," alisema, "na sijasikia askari wa jiji ameukamata."

Nikampa kopo. Alilitikisa sikioni kabla ya kulifungua.

"Mbili."

"Ndiyo, baba."

"Mama yako alikupigia simu."

Sikujibu. Akaitoa moja, akaipitisha chini ya pua mara mbili, polepole, akaibonyeza karibu na sikio asikie kama imekauka. Kisha akawasha kiberiti, akasubiri baruti iungue iishe, akaizungusha ncha juu ya moto bila kuigusa. Hana haraka katika jambo hili. Huvuta mara moja kwa dakika, pengine chini ya hapo, kwa sababu ukiiharakisha inapata joto na kuwa chungu. Jivu haling'uti; huliacha likae refu, jeupe, hadi lianguke lenyewe. Harufu ilikuwa ya mbao kavu na mkate uliookwa.

Kwa muda ule alizungumza. Alinieleza jinsi baba yangu alivyopotea akiwa na miaka saba, akakutwa amelala ndani ya behewa la mahindi lililokuwa linakwenda Mombasa. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia, na hakuna mwingine aliye hai wa kunisimulia. Nilikaa upande ambao upepo hautokei na nikasikiliza, huku nikijiuliza kama angelizungumza hivi mbele ya kikombe cha chai tu. Mara mbili alikatiza hadithi akakohoa, na mara zote mbili nilitazama kando.

Ilipofika katikati aliiweka juu ya jiwe. Sigaa haisagwi chini kama sigara. Inaachwa izimike yenyewe, la sivyo inanuka vibaya. Tukaitazama ikififia.

Mama mkubwa alikuja na chupa ya chai na vikombe vitatu. Alilitazama jiwe, akanitazama mimi, akamimina chai bila neno. Mzee alifunga kopo lenye ile iliyobaki, akalitia mfuko wa shati na kulipigapiga.

"Hii," alisema, "ni ya Krismasi."

"Krismasi ya mwaka gani?" mama mkubwa akauliza, akimkabidhi kikombe.