Chetezo ni cha Sala, si cha Tiba

Katika misa za sikukuu hapa Bariadi watoto wetu hupenda kumtazama mtumishi wa altare akibembeza chetezo. Chombo hicho chenye minyororo hutiwa makaa ya moto, kisha padre huweka ubani juu yake. Ubani ni utomvu wa miti inayoota Somalia, Ethiopia na Omani.

Moshi wake una maana. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 30, Haruni aliagizwa kufukiza uvumba kila asubuhi na jioni. Katika Ufunuo sura ya 8, moshi huo unapanda mbele za Mungu pamoja na sala za watakatifu. Ndiyo maana tunafukiza altare na Injili. Hata jeneza hufukizwa, kwa kuwa mwili ule kwa ubatizo ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Ndugu zetu wa pwani nao wana vyetezo vya udongo vya kufukizia nguo na nyumba kwa udi. Kupenda harufu nzuri si dhambi.

Lakini sisi wauguzi tunaotembelea wagonjwa majumbani kwa niaba ya kanisa, tunakuta jambo la kusikitisha. Mtoto ana homa kali, anashikwa na degedege. Badala ya kukimbizwa hospitali anafunikwa blanketi na kufukizwa, ati moshi utafukuza pepo. Kumbe huenda ni malaria iliyopanda kichwani, na kila saa inayopotea yaweza kumwua au kumwachia ulemavu.

Wengine huweka jiko la mkaa lenye ubani chumbani kwa mzazi, milango na madirisha yamefungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Mama na kichanga waweza kufa usingizini huku chumba kinanukia vizuri.

Mama mwenzetu, jiko la mkaa lisilale ndani. Mtoto akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, umpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni kwa baiskeli. Sali ukiwa njiani. Sala ya mama anayemkimbiza mwanawe hospitali hupanda kwa Mungu hata bila moshi.