Kuongea na Kiswaswadu

Nikikutana na wenzangu hapa chuoni swali ni lile lile: "Bwana, wewe unasomea nini hasa?" Nikijibu naandika programu za ndani ya simu, wanafurahi: "Aah, unatengeneza apu!" Hapana jamani. Mimi naandika kwa lugha ya C kule chini kabisa, ambako hakuna Android wala wa kukushika mkono.

Vifaa vyangu si vya kutisha. Nina Motorola C118, kiswaswadu cha miaka ya 2000 (Wakenya mtasema kabambe), na waya wa siriali wa bei ya chakula cha mchana. Tundu lake la hedifoni kumbe ni mlango wa siriali pia: njia moja ya kupeleka, moja ya kupokea, ya tatu graundi. Unachomeka kwenye kompyuta, unaanzisha programu iitwayo osmocon, halafu unabonyeza kidogo kitufe cha kuwashia simu. Vinasalimiana kwa biti 115,200 kwa sekunde, na kodi yako inaingia kwenye RAM. Ukitoa betri inafutika, simu inarudi ilivyokuwa. Kwa anayejifunza, hiyo ni raha tupu.

Osmocon ni sehemu ya OsmocomBB, mradi ulioanza 2010 kuandika upya, kwa programu huria, upande wa simu wa mtandao wa GSM, kwenye chipu ya Calypso ya Texas Instruments. Humo ndani kuwasha taa ya skrini ni kuandika namba kwenye anwani fulani ya kumbukumbu, basi. Na ukisahau neno volatile, kompaila inaweza kudhani thamani ya anwani ile haibadiliki, ikaacha kuisoma tena. Utasubiri jibu mpaka kesho! Angalizo: sehemu ya kurusha mawimbi huja imezimwa. Iacheni hivyo, masafa yana wenyewe na leseni zao.

Wenzangu wananiambia hela iko kwenye apu. Huenda. Lakini nina binamu, fundi simu Kariakoo. Kwa mashine yake ya hewa moto anang'oa chipu na kuirudisha kama mchezo, ila akifika kwenye programu ya modemu anagonga ukuta, maana watengenezaji wameifunga. Nasi ndio tulioziamini simu hizi kuliko wengi. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, menyu yake ilikaa kwenye laini, kwa hiyo hata kiswaswadu kiliweza. Leo mishahara, ada na michango ya msiba inapita humo, na wanaojua simu inauambia nini mnara ni wachache mno kwetu.

Kwa hiyo nimeamua kubaki huku chini. Desemba nikienda nyumbani, binamu anapata waya wake. Na wewe mwenye C118 ndani ya droo, usiitupe. Njoo nayo maabara, tuisikilize pamoja.