Sekunde Ndani ya Picha

Kabla sijajua kwamba kuna kazi inayoitwa usanifu wa michoro, nilikuwa nanakili katuni. Mjomba wangu alikuwa amehifadhi magazeti ya Sani kwenye sanduku la bati, na siku za Jumamosi aliniruhusu kulifungua mradi nisikunje kurasa. Wahusika wa humo, Ndumilakuwili na Kipepe, niliwachora nyuma ya madaftari ya hesabu mpaka mkono ukawazoea. Mjomba mwenyewe alikuwa wa kizazi cha Chakubanga, yule mhusika wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na kila nilipomwonyesha mchoro alisema wachoraji wa siku hizi wanapenda mapambo. Mimi nilikuwa wa kizazi cha Kipanya wa Ali Masoud: mistari michache, maneno machache, na ukishacheka ndipo unagundua umeambiwa jambo zito.

Wakati huo macho yangu yalikuwa kwenye mistari: pua, ndevu, mikunjo ya shati. Ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku kimoja na kingine niliiruka, kama wanavyoiruka wasomaji wote.

Baada ya mtihani wa kidato cha sita, nikisubiri matokeo, nilipata kibarua katika duka moja la steshenari Kariakoo. Nje palikuwa na mashine ya kutoa kopi. Ndani, nyuma ya pazia, palikuwa na kompyuta na fundi aliyefanya kila kitu kwa CorelDRAW. Zilizoingia ni zile kazi ambazo jiji la Dar es Salaam halipitishi wiki bila kuzihitaji: kadi za harusi na za mchango, vipeperushi vya mikutano ya injili, fulana zenye picha ya marehemu, stika za vioo vya daladala, mihuri ya vikundi vya kufa na kuzikana. Kila mteja alitaka yake iwe na rangi zote, na kila mteja aliitaka leo.

Fundi hakuwa na msamiati wa darasani. Alikuwa na kadi ya mchango mkononi na maelezo mafupi. "Hii haitazamwi, dogo," aliniambia siku za mwanzo. "Inapekuliwa. Nani ananialika, shughuli lini, hela nitume namba gani. Akishayapata hayo anaiweka mfukoni." Kila alipomaliza kadi, alimsubiri muuza kahawa apite na birika lake. Akamwonyesha kadi kwa muda wa pumzi moja, akaificha mgongoni, akamuuliza ameona nini. Muuza kahawa akitaja jina la familia na tarehe, kadi ilikwenda kuchapwa. Akitaja maua, fundi alirudi kwenye kiti.

Nilicheka sana. Sikujua kwamba nilikuwa nikifundishwa somo ambalo chuo kingeniletea baadaye kwa vitabu na projekta.

Chuoni nilikwenda na kiu ya programu. Nilidhani msanifu ni yule anayejua vitufe vingi kuliko mwenzake. Muhula wa kwanza ulikuwa wa herufi, na herufi zinachorwa kwa kile chombo cha programu ya Illustrator kinachoitwa kalamu, ambacho hakichori kama kalamu hata kidogo. Unapigilia nukta, unavuta mikono miwili inayotoka kwenye nukta hiyo, na mstari unajipinda kufuata mikono. Mistari hiyo ina jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault, ambaye miaka ya 1960 aliitumia kuchora maumbo ya bodi za magari. Sisi tuliitumia kuchora "a" ndogo, juma baada ya juma. Mwalimu alikuwa na sababu yake: katika Kiswahili hakuna herufi inayojirudia kuliko hiyo. Tumbo la "a" likiwa na nundu, ukurasa mzima unaonekana umeumwa na mbu.

Kutoka kwenye herufi tukahamia kwenye ukurasa, na hapo ndipo lugha yenyewe ilipoanza kutusumbua. Violezo vingi tulivyopakua vimepimwa kwa Kiingereza. Kitufe kilichokatwa kwa neno la herufi nne kinaletewa "Endelea kusoma". Kichwa cha habari kilichopangwa kwa maneno matano mafupi kinaletewa neno moja kama "hatutawasahau", ambalo lina mtenda, wakati, anayetendewa na kukanusha, vyote vimefungwa pamoja na havitaki kutenganishwa. Kompyuta ikiachiwa ilikate neno hilo mwisho wa mstari, inalikata kwa kanuni za lugha nyingine, na msomaji anajikwaa. Ikabidi tujifunze kukata wenyewe. Silabi ya Kiswahili karibu kila mara inaishia na irabu, kwa hiyo mkato unakaa baada ya irabu: hatuta-, kisha wasahau. Kanuni hiyo niliiandika pembeni mwa daftari kama jambo dogo la wachapaji. Ilikuja kunifaa mahali nisipotegemea.

Kuhusu rangi nitasema kidogo, kwa kuwa kila mwanafunzi hupita njia ileile. Kioo cha kompyuta kinachanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya kuchapa inachanganya wino, na wino hauwezi kung'aa kama taa. Kijani kinachowaka kwenye kioo kinatoka kwenye karatasi kimepoa. Unalikubali hilo, unaendelea.

Lililonibadilisha lilikuwa kanga. Tulitakiwa kuchambua kazi moja ya usanifu iliyoko nyumbani, nami nikamwomba bibi mojawapo ya doti zake. Nilipima pindo, nikapima mji, nikaandika jinsi jina lilivyowekwa kwenye kisanduku chake upande wa chini, kwa herufi kubwa zisizo na madoido. Kisha nikamuuliza bibi kwa nini jina liwe fupi hivyo wakati nafasi bado ipo.

"Kwani jina nasoma mimi?" alinijibu. "Mwenye kanga halioni, mjukuu wangu. Analiona aliye nyuma yake, na aliye nyuma yake ana safari zake."

Nilikuwa nimepima kila kitu kwa rula, na bibi akaniongezea kipimo ambacho rula haina. Jina la kanga lina hatua chache tu za kusomwa, kabla mvaaji hajakata kona. Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza kila kitu mjini kina muda gani. Daladala za Dar es Salaam zina mistari ya rangi ubavuni inayotambulisha njia, na majina ya vituo viwili yameandikwa mbele. Abiria aliyesimama juani huanza kuiona rangi gari likiwa mbali, kabla ya herufi kusomeka, na hujua kama asogee au abaki kivulini. Rangi inafanya kazi mapema, maneno yanafuata. Nikaikumbuka kadi ya fundi na pumzi moja ya muuza kahawa, nikaona wote watatu, fundi, bibi na aliyepaka daladala, walikuwa wakipanga jambo lilelile: kipi kionwe kwanza, kipi kifuate, na mtazamaji ana muda kiasi gani.

Kwa hiyo nilipoanza animesheni mwaka wa pili, sikuanza kutoka sifuri, ingawa vidole vyangu vilihisi hivyo. Filamu hupita kwa fremu 24 kila sekunde. Wachoraji wengi hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na bado jicho linakubali kwamba kitu kinatembea. Tulipewa zile kanuni 12 za animesheni ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, walizikusanya katika kitabu chao cha mwaka 1981. Mpira ukidunda hubonyea ukigusa chini na kurefuka ukienda kasi. Mtu kabla ya kuruka hujikunja kwanza. Tulidundisha mpira mpaka tukauota.

Kisha ikaja kazi ya mwendo wa mtu. Vitabuni mwendo una hali nne: kisigino kinagusa, mwili unashuka, mguu unapita, mwili unapanda. Kichwa kinakwenda juu na chini kwa kila hatua. Mimi nilitaka mtu ninayemjua, nikamfuata jirani yetu aliyekuwa akichota maji bombani.

"Shikamoo mama. Naomba nikurekodi kwa simu ukitembea na ndoo."

"Marahaba. Ya nini, mwanangu?"

"Ya chuo. Nataka kuchora unavyotembea."

"Basi beba na wewe hii nyingine, utajua inavyokwenda."

Nilibeba. Na kweli, shingo ilinifundisha kile ambacho video isingenifundisha. Hatua zinafupika. Magoti hayanyooki kabisa, yanameza mshtuko kabla haujapanda. Kiuno kinafanya kazi kubwa kuliko mabega. Kichwa, ambacho vitabu vinasema kinapanda na kushuka, kinataka kwenda karibu mstari mnyoofu, la sivyo maji yanakuogesha.

Nilipokaa kuuingiza mwendo huo kwenye programu ya Blender, nilifungua grafu ya mwendo na kukuta nukta zenye mikono miwili. Ilikuwa ile mistari ya Bézier. Kwenye herufi, mstari ulionyesha umbo. Hapa ulionyesha kasi. Ukilala, kitu kinatulia. Ukisimama wima, kitu kinakimbia. Mkono niliouvuta kuondoa nundu kwenye tumbo la "a" sasa niliuvuta kulainisha goti la mama wa ndoo. Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu grafiki na animesheni kuwa masomo mawili. Hata nafasi nyeupe za Sani zikaeleweka: baina ya kisanduku cha ngumi inayoinuliwa na cha mtu aliyelala chini kuna muda, na mchoraji amemwachia msomaji aujaze mwenyewe.

Ile kanuni ya silabi nayo ilirudi kwa mlango wa sauti. Katika animesheni ya wahusika wanaosema, sauti hurekodiwa kwanza, kisha midomo inachorwa kuifuata. Vielelezo vya midomo tulivyopewa vilitengenezwa kwa wasemaji wa Kiingereza, wenye maneno mengi yanayoishia kwa konsonanti, mdomo umefungwa au ulimi umebanwa. Mhusika wetu aliyesema Kiswahili kwa midomo hiyo alionekana amemeza mwisho wa kila neno. Kiswahili humaliza neno mdomo ukiwa wazi, na irabu zake ni tano tu. Ukichora midomo mitano hiyo vizuri, ukaongeza uliofungwa wa m, b na p, na wa meno juu ya mdomo kwa f na v, umefika mbali.

Lililobaki ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema "karibu", uzito uko kwenye "ri". Ukisema "karibuni", umehamia kwenye "bu". Kichwa kinachoinama au mkono unaofunguka kukaribisha lazima uhame nao, na uanze fremu mbili tatu kabla ya sauti, kwa kuwa mwili hutangulia neno. Mgeni mmoja akiongezeka mlangoni, mchoro mzima unasogea.

Nilikuwa shule ya msingi katuni ya Ubongo Kids ilipoanza kurushwa mwaka 2014, ikitengenezwa hapa Dar es Salaam. Nyumbani tuliitazama kwa ajili ya nyimbo na mafumbo ya hesabu. Sasa naitazama nikihesabu midomo. Vivyo hivyo Tinga Tinga Tales ya mwaka 2010, iliyohuishwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa picha alioanzisha Edward Saidi Tingatinga miaka ya 1960. Picha za mtindo ule ni bapa, hazina kivuli wala umbali, na nilikuwa najiuliza zitatembeaje. Jibu liko kwenye miili: wanyama wanabaki bapa na madoa yao, ila uzito wao unaonekana kwa jinsi wanavyochelewa kusimama. Uzito haukuhitaji kivuli. Ulihitaji fremu chache za ziada.

Mwaka huu wa mwisho ninapita mara nyingi dukani kwa yule fundi, safari hii kama mwenzake wa kazi. Wateja sasa wanataka kadi ya kutumwa kwa WhatsApp: muziki, majina yanayojitokeza moja moja, maua yanayofunguka. Yeye anapanga maneno, mimi nayatembeza. Mabishano yetu yote ni ya muda. Karatasi unaweza kuirudia. Video ikipita imepita, na mtu ana simu moja ambayo ndiyo anayotazamia na ndiyo atakayotumia kutuma hela. Namba ya mchango inabidi ikae mpaka aipate kichwani. Muuza kahawa bado anaitwa, ila sasa tunamuuliza aitaje namba.

Hivi karibuni mama mmoja aliyekuwa akimwozesha binti yake aliambiwa bei ya kadi ya kutembea akashtuka.

"Maneno ni yaleyale ya kwenye karatasi. Mbona imepanda?"

"Ile unalipia karatasi, mama," fundi akamjibu. "Hii unalipia sekunde."

Mama akaomba aione tena. Akaitazama mpaka mwisho, akahesabu kwa vidole.

"Basi haya maua yanayochelewa kufunguka toeni. Namba msiiguse."

Fundi akanitazama. Nikafungua faili na kuyatoa maua, na bei ikashuka.