Tovuti nimemaliza, mama anauliza: 'Hii ya nani?'

Wiki hii nilipanga tuwaseme wale wanaotugongea milango na kadi za michango kila mwisho wa mwezi, lakini nimeona nianze na aibu yangu mwenyewe, maana nayo ilitokea kwa watu wa harusi.

Wanaonisoma siku zote wanajua kuwa makala peke yake haichemshi sufuria. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kunyamazia, nikajifunza kutengeneza tovuti kwa kuangalia video na kumganda kaka mmoja mwenye kibanda cha kompyuta Sinza. Sasa napata kazi mbilitatu. Leo fundi wa aluminiamu, kesho shule ya chekechea, maisha yanasogea.

Basi bwana, mwaka jana akanipigia mama mmoja mwenye ukumbi wa sherehe Tabata. Mama wa heshima zake, mjane, ukumbi kaachiwa na marehemu mumewe na ndio unaosomesha watoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unatengeneza tovuti. Nataka nzuri, kama za mahoteli makubwa."

"Hilo tu mama? Umepata!"

Tukapatana laki sita, laki mbili akanitumia kwa simu palepale. Mazungumzo yote hayakufika dakika tano. Hebu fikiria, mtu akitaka kuoa anatuma mshenga, watu wanaulizana ukoo na tabia. Mimi nimepokea kishika uchumba, bibi harusi mwenyewe simjui!

Nikajifungia wiki tatu. Nikaweka mapicha makubwa yanayopishana, muziki unaolia ukifungua tu, Kiingereza changu cha kidato cha nne kuanzia juu mpaka chini. Picha za ukumbi sikuwa nazo, nikaokota mtandaoni bibi harusi wa Kizungu kashika maua. Bei nikamuuliza karani wake kwa simu, akanisomea karatasi iliyobandikwa ukutani: sahani moja shilingi 28,000. Nikaibandika kwa maandishi mekundu. Ijumaa usiku nikairusha hewani, nikamtumia karani anwani, naye akaiweka kwenye stetasi yake.

Jumatatu asubuhi nikaitwa. Nikavaa shati la pasi, nikijua naenda kuchukua laki nne zangu.

Mama alikuwa na simu mkononi, simu ya kawaida tu, kioo kimepasuka pembeni. Picha zangu zinafunguka kwa kujivuta, bando linakatika. Akanitazama. "Mwanangu, hii ya nani?"

Nikacheka nikidhani utani. Hakucheka.

"Huyu Mzungu nani? Viti hivi vya wapi? Na bei hii, nani alikutuma?"

Kumbe ile karatasi ya ukutani ilikuwa ya zamani. Kamati moja ya harusi, watu 300, alishapatana nayo 35,000 kwa sahani. Mhazini wao kaiona stetasi, Jumapili kaja na simu mkononi: mama, mbona mtandaoni 28,000, sisi unatuibia? Akashindwa kukana kilichoandikwa na jina lake. Piga hesabu, elfu saba mara 300. Milioni mbili na laki moja zimeyeyuka kwa sababu ya kidole changu.

Angenitukana ningepumua. Aliniambia tu, "Jumamosi njoo ukae hapa." Nikamwahidi kazi nitairudia, hela nyingine sidai.

Jumamosi nikaketi kwenye stuli karibu na meza yake tangu saa tatu, nina daftari. Simu zikaanza. Tarehe fulani ipo wazi? Wanaingia watu wangapi? Magari yanaegeshwa wapi? Umeme ukikatika? Vinywaji vya kutoka nje mnaruhusu? Muziki mnazima saa ngapi? Kila simu maswali ni yaleyale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu maua. Wote Kiswahili. Mimi niliwaandikia Kiingereza, sijui nilidhani bibi harusi anatoka wapi!

Mchana akaja mjumbe wa kamati kukagua. Akapiga picha choo, jenereta, geti. Nikamuuliza kaka, picha za nini? Akasema anakwenda kuzitupia kwenye kundi la WhatsApp la kamati, maana yeye katumwa tu, wanaoamua wako kumi na mbili na hawatakuja Tabata. Hapo ndipo nilipoelewa. Tovuti ya ukumbi haisomwi na mtu mmoja aliyetulia kitini. Inarushwa kwenye kundi, kila mmoja anaichungulia kwa simu yake akiwa kwenye daladala. Inatakiwa iwe nyepesi, ukurasa mmoja, picha za choo hichohicho na geti hilohilo.

Mzuka ukanipanda, nikamwambia mama niweke kalenda ya tarehe zilizo wazi. Akakataa. "Kwaresima na Ramadhani ukumbi unalala, mwanangu. Wakiona Jumamosi nne tupu watanibana bei mpaka nilie." Nisingelijua hilo hata ningeangalia video mwaka mzima. Bei nayo hataki iandikwe. Hapa mimi naona anakosea, maana kamati hutaka japo pa kuanzia, lakini ukumbi ni wake na hasara alishaibeba yeye. Nikataka basi tuweke fomu ya watu kujaza majina na namba. Hapo nikajishika mwenyewe, kwani tangu mwaka 2023 inatumika ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, majina ya watu si ya kuachwa ovyo. Akasema wapige simu tu. Yakaisha.

Jioni, tukinywa chai, nikauliza kijuujuu: mama, uliwahi kuwa na tovuti kabla? Akavuta droo, akatoa kadi za biashara boksi zima, zina anwani ya tovuti chini. Kijana aliyemtengenezea aliisajili kwa jina lake mwenyewe kisha akapotea. Na majina haya ya .co.tz hulipiwa kila mwaka. Hakuna aliyelipa, ikafa, mama akabaki na kadi. Swali la sekunde tatu, na mimi sikuuliza siku ya kwanza! Ya sasa imesajiliwa kwa jina lake na risiti anayo yeye.

Siku hizi sigusi kompyuta kabla sijashinda kwa mteja siku nzima. Nikimaliza naandika karatasi moja: nani anakuja, anauliza nini, nini hakitakiwi kuandikwa, nani ana kauli ya mwisho. Namsomea, anasahihisha, tunatia sahihi wote. Wiki iliyopita mwenye duka mmoja aliniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kumpeleleza. Nikamwomba chai.

Tovuti mpya ya mama ilinichukua siku nne. Sikudai, lakini baada ya miezi miwili akaniita, akanihesabia 250,000. Ile 150,000 iliyobaki kaiandika kwenye daftari lake la tarehe, ukurasa una jina langu, mahali pa tarehe pako wazi.

"Hizo utazila kwa sahani siku ukioa," akasema. "Na bei ni 35,000, siyo ile uliyoandika wewe."